Firdausi, Kura Yako Bado Ninayo

Mwaka umetimia, mke wangu, tangu ile Jumanne ya Agosti ulipotoka hapa Sofu, Kibaha, asubuhi kwenda kufundisha, ukaanguka darasani mbele ya kidato cha pili, na kufikia adhuhuri ukawa umetutoka. Walisema ni kiharusi. Niliporudi nyumbani nilikuta chai yako mezani imenywewa nusu, na hilo halikunishangaza, maana tangu nikujue hukuwahi kumaliza kikombe.

Familia imenikabidhi mimi kazi ya kuandika kumbukumbu hii. Kaka yako Kitwana alisema, "Shemeji, wewe uko masjala, maandishi ndiyo kazi yako." Sikumbishia. Wewe unajua kwamba masjala hatuandiki chochote. Tunatunza walichoandika wengine, na tukiulizwa tunajibu kwamba faili linafanyiwa kazi. Kwa hiyo univumilie, na wengine watakaosoma wanivumilie pia.

Ulizaliwa Mzenga, Kisarawe, katika nyumba ya wakulima wa mihogo na korosho. Baba yako mdogo alikuwa akipiga fidla katika kikundi cha taarabu, na kila alipolala mchana wewe uliiba fidla yake ukajifungia nayo kwenye banda la mihogo. Siku alipokufumania hakukupiga. Alikaa juu ya gunia akasikiliza, kisha akakwambia umeshika upinde kama mtu anayekuna nazi, akakushika mkono akakuonyesha. Kutoka hapo ulikwenda Bagamoyo kusoma noti, na huko ukapewa viola, ambayo kwa macho yangu ni fidla iliyokula ikashiba. Uliniambia kwamba watu hawaisikii viola mpaka siku isipokuwepo. Nilidhani unajisifu tu.

Tulipooana mwaka 2001 kungwi wako alikaribia kususa. Amekaa na hina yake, amekushika mkono wa kushoto, akakuta kucha zote umezikata mpaka kwenye nyama. "Bibi harusi gani huyu?" akauliza. Ukamjibu kwamba hizo si kucha za bibi harusi, ni kucha za kazi. Mama yako alicheka mpaka akatoka nje, na mimi nilipohadithiwa nilijua nimepata mke atakayenisumbua. Sikukosea.

Ulikuwa mpole kwa kila mtu isipokuwa mwenye kuchelewa. Mwanafunzi aliyekuja bila daftari ulimpa lako. Jirani yetu Mama Blessing alipolazwa, ulimpelekea uji siku tisa mfululizo, na siku ya kumi ukamgombeza mumewe kwa kuchelewa kumfuata. Ukiwa unapika ulikuwa unahesabu midundo kwa mwiko. Ukiwa umelala ulikuwa unahesabu kwa vidole juu ya bega langu, na nilikuacha, ingawa asubuhi nililalamika.

Halafu kulikuwa na wenzako.

Mwaka 2007 mlikaa wanne sebuleni kwetu, kwenye viti vyetu vya kulia chakula, mkaanzisha kundi mkaliita Nyuzi Kumi na Sita, kwa kuwa kila chombo kina nyuzi nne. Zena alipiga fidla ya kwanza, Bertha fidla ya pili, wewe viola, na Hashiru selo. Miaka minne ya mwanzo mlipiga muziki wa Ulaya wa watu waliokufa zamani. Kisha siku moja uliwaambia wenzako kwamba wafu wana watu wengi wa kuwapigia, tuwapigie walio hai. Tangu siku hiyo hamkupiga tena kazi ya mtunzi asiyeweza kuwapigia simu na kulalamika. Na kweli walikuwa wanalalamika.

Muziki wenyewe, nisiseme uongo, sikuuelewa. Mligonga mbao za vyombo kwa vidole. Mlikwaruza nyuzi mpaka paka akahama. Mama Blessing alivumilia mwezi mzima, mwishowe akaja kunong'ona, "Baba Abdul, fundi wenu wa milango anamaliza lini?" Nilikuhadithia nikitegemea utakasirika. Ulimwita akae ndani asikilize, ukamweleza kila mlio unatoka wapi, na akawa anakuja mara kwa mara na vitumbua vyake.

Mlikwenda Nairobi, mkaenda Kigali, mkaenda Ulaya mara moja na ukarudi na kikohozi. Mlirekodi kazi za watunzi tisa. Lakini wewe mwenyewe ulipoulizwa siku bora ya kundi ulitaja Mzenga. Mwaka 2012 mlipiga uwanjani kwa mama yako, na kazi yenyewe ilikuwa na kimya cha sekunde hamsini katikati, pinde zote zikiwa juu, kwa sababu mtunzi ameandika zisishushwe. Mwenyekiti wa kijiji akaona wageni wametulia, akasimama akawashukuru, akawakaribisha watu pilau. Sahani zikaanza kupita. Nyinyi wanne mmekaa kama sanamu, mnahesabu. Sekunde ya hamsini mkaanza tena kwa nguvu, na mzee mmoja akaachia sinia. Uliniambia hiyo ndiyo siku pekee ambayo hakuna aliyejifanya kuelewa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo familia haijui. Mengine utayasikia kwa mara ya kwanza wewe pamoja nao.

Mazoezi yenu yalikuwa Alhamisi alasiri. Kwa miaka kumi na saba, kila Alhamisi nilirudi kazini nikakuta viti vyangu vimekaliwa, nikachukua kigoda nikakaa barazani na gazeti. Hakuna aliyenifukuza. Nilijifukuza mwenyewe. Nilikuwa nasikia mnavyocheka, mnavyogombana juu ya kipande kifupi nusu saa nzima, mnavyovuta pumzi pamoja kabla ya kuanza. Niliona wivu, Firdausi. Nilijiuliza mke wangu amewahi lini kuvuta pumzi pamoja nami namna ile. Ulipotoka kuniita chai nilijibu kwamba niko sawa hapa hapa.

Katika daftari la kundi kulikuwa na kanuni chache, na mnazijua wenyewe. Iliyo kubwa ilisema hakuna jambo litakalopita mpaka wote wanne waseme ndiyo. Hakuna wengi wape. "Hapana" moja inatosha. Hashiru alipohamia Mwanza na kumleta Didas kushika selo, Zena na Bertha walimkubali siku ileile, wewe ukamkataa miezi mitatu kwa sababu anapiga mguu chini akihesabu. Walikungoja. Didas naye alikungoja, akaja kila wiki amevua viatu. Uliposema ndiyo hakuna aliyekusimanga.

Na mwaka Zena alipojifungua mliongeza kanuni nyingine: asiyekuwepo, nyumba yake itamsemea. Mume wa Zena akawa anakuja na kura ya mkewe kwa mdomo. Ilikuwa kanuni ya uzazi.

Tulikuzika Mzenga Jumatano. Jeneza lilipoinuliwa, Bertha akasimama mlangoni amenyoosha mikono, maana Mnyamwezi ni mtani wenu, na mtani ana haki yake. "Hapiti mtu hapa!" akapaza sauti. "Miaka kumi na saba namwambia huyu Mzaramo asikimbie, tumalize pamoja! Leo kakimbia tena, kamaliza peke yake!" Watu walicheka. Ikabidi Kitwana atafute khanga ya kumlipa ndipo afungue njia. Aliipokea ile khanga, akajifunika nayo uso, na utani ukamshinda.

Baada ya arobaini, Alhamisi, walibisha hodi hapa nyumbani wote watatu. Nilidhani wamekuja kunipa pole. Walikaa, wakaacha kiti chako, na Zena akafungua daftari.

"Shemeji," akasema, "kuna dada anaitwa Jenifa, ni muuguzi, anaishi Kisarawe mjini. Anapiga viola. Tumemsikiliza. Sisi watatu tunasema ndiyo. Imebaki kura ya Firdausi."

"Firdausi amefariki," nikasema.

"Hayupo," akasema Zena. "Na asiyekuwepo, nyumba yake inamsemea. Hatukuandika hayupo kwa sababu gani."

Kanuni ya uzazi wameifanya kanuni ya kifo. Hakuna watu wengine duniani wangefanya kosa hilo, na hakuna watu wengine wangeliheshimu. Bertha, ambaye hajui kuficha, akanieleza yote. Jenifa ana zamu na ana watoto wadogo, hawezi kufika Kibaha siku za kazi. Nikisema ndiyo, mazoezi yatahamia Kisarawe, Jumamosi, kwenye ukumbi wa shule. Nikisema bado, wao wataendelea kuja hapa kunyoosha vidole na kunisikiliza.

Niliuliza, "Mtakuwa mnakuja hapa? Kila Alhamisi?"

"Mpaka utakaposema, shemeji."

Nikawajibu kama tunavyojibu ofisini. Nikasema jambo hili ni zito, linahitaji muda.

Lilihitaji muda gani? Nilikwishajua jibu lako kabla Zena hajafunga daftari. Ungemtaka Jenifa aje kesho yake, na ungemuuliza kama huwa anachelewa.

Lakini hebu niambie ningefanyaje. Mwanamke akifiwa ana eda yake. Siku zinajulikana, watu wanamjia, na zikiisha anatolewa. Mwanamume hakupewa hesabu. Siku ya nne nilirudi masjala, wenzangu wakaniuliza kama faili la mipaka limeonekana. Mtoto wetu Abdulkadiri yuko chuo Mbeya, anapiga simu Jumapili, ananiuliza nimekula nini, namdanganya. Kuanzia Ijumaa mpaka Jumatano hakuna anayeingia mlango huu. Nikaona nina kura moja mkononi, na kura ile inaniletea watu watatu kila wiki. Basi nikaishikilia.

Nikaanza kujiandaa. Jumatano nanunua tangawizi. Alhamisi naomba ruhusa saa moja mapema, nachemsha mihogo, napanga viti. Sikukaa tena barazani. Nilikaa nao sebuleni, nikajua kwamba Didas bado anapiga mguu ila ni kwa kidole gumba tu, kwamba Zena hukunja uso kabla ya noti ya juu, kwamba Bertha hula kwanza akapiga baadaye. Walipiga kazi zenu za zamani, na sehemu zako wakaziacha wazi, hawakuzijaza. Ndipo nikaisikia viola. Nilijua kila mahali inapokosekana.

Miaka kumi na saba ulikuwa unaniita, na mimi nimeingia umekwishaondoka. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa.

Kila walipoondoka Zena aliuliza mlangoni, kwa adabu, "Shemeji, Firdausi anasemaje?" Nami nikajibu, "Bado." Mara ishirini. Mara thelathini. Hakuna aliyenuna.

Mwezi wa tano ikaja barua ya mtunzi Laurean, yule wa Bukoba mliyemngoja miaka miwili. Amemaliza kazi aliyowaahidi, ya watu wanne, na ameiandika kwa ajili ya Nyuzi Kumi na Sita. Anaomba kujua kabla Agosti haijaisha kama kundi lipo. Kama halipo, ataipeleka Nairobi kwa wengine. Zena aliisoma kwa sauti, akaikunja, akaiweka juu ya kiti chako. Wiki hiyohiyo Didas alisema ameitwa kazini Arusha, na kama kundi limekufa ataenda. Hakusema kwa kunitisha. Alisema huku ananisaidia kutoa vikombe.

Na bado nikasema bado. Niliona kabisa kwamba ninaua kitu ulichokijenga kwa maisha yako yote, ninakiua kwa mihogo ya kuchemsha, na sikuacha.

Julai tulikwenda Mzenga wote kukusomea dua, kwa sababu Agosti Abdulkadiri angekuwa na mitihani. Asubuhi yake wenzako walimpigia mama muziki kidogo, kisha wakaenda kaburini. Nilibaki na mama yako, Bi Kudra, uani. Alikuwa anabangua korosho, nami nikavuta kigoda nimsaidie.

"Shikamoo mama," nilikwisha kumwambia alfajiri, lakini nikarudia, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Baba Abdul, hawa wenzake mbona wanapiga kama watu wanaomngoja mtu?"

"Hawajapata wa nne, mama."

"Wamepata. Bertha kaniambia. Kasema kuna anayekataa, jina hakunitajia. Nani anayekataa?"

Nikasema, "Mimi, mama."

Hakuinua macho. "Unaogopa watamsahau?"

Alikuwa amenipa sababu nzuri, Firdausi. Ningeichukua, angenionea huruma, na mambo yangeisha. Sijui kwa nini sikuichukua. Nikamwambia, "Hapana. Naogopa hawatakuja tena. Nyumba ile mama, mtu unaweza kukaa siku sita husikii jina lako."

Alibangua mbili, tatu. Kisha akasema, taratibu kabisa, bila hasira, "Mwaka huu umekuja hapa mara mbili, Halidi. Ya kuzika na hii. Mimi pia nakaa. Sikumshikia mtu kitu chake ili aje kuniona."

Nilimwomba radhi, akasema tumeshayamaliza, nimpe ule ungo. Wenzako waliporudi walitukuta tumeinamia ungo mmoja, na nadhani Bertha alielewa, maana alikaa upande wa mama na hakutania mtu.

Sasa nikuungamie la mwisho. Tulirudi Kibaha nikiwa nimeamua. Alhamisi iliyofuata nilipanga kuwaambia, nikawapikia wali kabisa, na walipofika mdomo ukakataa. Na iliyofuata vilevile. Alhamisi iliyopita, kumbukumbu hii ikiwa imeshaandikwa, isipokuwa aya hizi za mwisho, na iko mfukoni mwangu, walikuja, wakapiga, wakala, wakacheka na Mama Blessing. Mlangoni Zena akauliza, "Shemeji, Firdausi anasemaje?" Nikasema, "Bado." Nilijua ni ya mwisho, wao hawakujua. Niliwasindikiza mpaka njia panda, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikawashika mikono mmoja mmoja, na Didas akaniuliza kama naumwa.

Nilijiibia Alhamisi moja, mke wangu. Nisamehe hiyo. Zile nyingine nitazijibia mwenyewe.

Zena, Bertha, Didas: mnaposoma haya, nyumba ya Firdausi inasema ndiyo. Mchukueni Jenifa. Mpigieni Laurean simu leo hii, Agosti bado haijaisha. Viola iko kwa Kitwana, nimempa aipeleke Kisarawe, kwa sababu mkija kuichukua hapa nitawakaribisha mkae. Msije Alhamisi. Nakuombeni sana, hata kwa kunisalimia, msije kwanza, mpaka nizoee.

Unakumbukwa na mama yako mzazi Bi Kudra wa Mzenga. Kaka yako Kitwana, mkewe na watoto. Mwanao Abdulkadiri, aliye Mbeya. Ukoo wote wa marehemu baba yako, mzee Mwishehe. Walimu wenzako na wanafunzi wako. Jirani yako Mama Blessing. Wenzako watatu, ambao kuanzia leo ni wanne. Na mimi mumeo, Halidi.

Mwenyezi Mungu akulaze pema. Tutakukumbuka siku zote tulizobakiwa nazo, Firdausi, na Alhamisi kuliko siku nyingine.